Koili yako ya kwanza: waya ni rahisi, kazi ipo kwenye pamba

Wanaoniletea matangi yao ya vepu (sigara ya kielektroniki) niyakague huanza na maswali ya waya: upi unatoa mvuke mzito, upi una ladha nzuri. Nikifungua tangi, mara nyingi waya hauna neno. Kosa liko kwenye pamba. Ama imeshindiliwa hadi kimiminika hakipiti na imeungua, ama ni chache mno na tangi linavuja kupitia matundu ya hewa.

Tangi la kujijengea halina koili ya kiwandani, yaani ule waya uliozungushwa unaopasha kimiminika hadi kiwe mvuke. Lina kitako chenye nguzo mbili, chanya na hasi, na skrubu za kubana waya. Unafunga koili mwenyewe, unapitisha pamba katikati yake, na ncha za pamba zinakaa kwenye njia za kupitisha kimiminika. Chagua tangi la koili moja. La koili mbili hudai zote zifanane na hula betri haraka, na hizo ni shida za baadaye. (Kama huvuti sigara, huna sababu ya kuanza, nikotini hushika mtu.)

Waya wa kuanzia ni Kanthal A1, mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini, unene wa milimita 0.40, yaani geji 26. Ukiuzungusha mara sita kwenye kijiti cha milimita 3 utapata takriban omu 0.85, na wati 15 hadi 20 zinautosha. Nikromu, waya wa nikeli na kromu, hupata moto upesi zaidi. Titani na nikeli tupu viache: vinataka kifaa kinachodhibiti joto, na havipaswi kuwashwa vikavu hadi viwe vyekundu.

Kabla ya kuwasha chochote, piga hesabu ya betri. Volti ukizigawa kwa omu unapata ampea. Betri iliyojaa ina volti 4.2, kwenye koili ya omu 0.5 hiyo ni ampea 8.4, kwenye omu 0.1 ni 42, mzigo unaozidi uwezo wa betri nyingi za 18650, zile za duara ndefu zinazotumika sana kwenye vepu. Hesabu hiyo ni ya kifaa kisicho na saketi ya ulinzi, na kifaa hicho si cha anayeanza, hata akipewa bure. Kifaa chenye saketi hukokotoa kwa wati: wati 60 kutoka betri moja iliyoshuka hadi volti 3.3 ni zaidi ya ampea 18. Betri yenye ganda lililochanika usiitumie, na usiiweke mfukoni pamoja na funguo.

Funga koili kijiti kikiwa bado ndani yake, kaza skrubu, chomoa kijiti, kisha kata miguu ya waya ikaribie kabisa nguzo. Kipande kinachochomoza kikigusa ukuta wa tangi, ni shoti. Pima omu. Zikiyumbayumba, skrubu imelegea. Washa kwa wati 10 kwa sekunde moja moja: koili inapaswa kuwa nyekundu hafifu kuanzia katikati kwenda pembeni. Upande mmoja ukitangulia, achia kitufe, kwaruza mizunguko taratibu kwa kibano cha kauri, ubane koili tena.

Sasa pamba. Kata ukanda, sokota ncha moja, upenyeze. Unapouvuta usikie mkwaruzo mdogo, lakini koili isisogee. Ikipinda, punguza nyuzi. Ikipita bila kugusa, ongeza. Kata ncha zifike chini ya njia za kimiminika, halafu zichambue kwa ncha ya bisibisi hadi zipungue unene. Hapa ndipo wengi wanaponogewa na kushindilia. Pamba inatakiwa kufunika tundu tu, bila kusukumwa ndani. Kimiminika chenye gliserini nyingi ni kizito na hutembea polepole, kwa hiyo ukikitumia, ncha za pamba ziwe nyembamba zaidi.

Dondoshea kimiminika hadi pamba yote iache weupe na ionekane kama imeloa mafuta. Bonyeza mara chache. Mvuke utoke sawasawa mbele na nyuma ya koili. Funga matundu ya hewa, jaza tangi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuvuta.

Likilia gurugurugu, pamba ni chache au ncha hazijafunika tundu. Ladha ya kuungua koo likikauka ina maana pamba imebanwa au wati ni nyingi. Shusha wati kwanza, kwa kuwa hilo halihitaji kufungua kitu. Ladha ikififia baada ya siku kadhaa, badilisha pamba tu. Waya uwashe mkavu kwa wati chache, uusuuze kwa maji ukishapoa, upenyeze ukanda mpya.