Soketi Ikipata Moto, Mein Swichi Hukaa Kimya

Katika nyumba moja mjini Tanga, mama mwenye nyumba alikuwa ameosha jiko mara mbili akitafuta samaki aliyeoza. Alisogeza friji, akamwaga ndoo ya taka, harufu ikabaki pale pale. Ilikuwa inatoka kwenye soketi ya birika la umeme. Plastiki ngumu ya baadhi ya soketi na plagi ikiungua taratibu hutoa harufu ya shombo la samaki, au ya mkojo, na ndiyo maana watu humlaumu paka kabla ya kutazama ukutani. Nilipokata umeme na kuifungua, skrubu ya waya wa moto, ule unaoleta umeme, ilizunguka kwa ncha ya kidole. Gamba la waya lilikuwa jeusi, likivunjika kama ganda la yai.

Nyumba ikiungua husemwa ni shoti. Lakini tatizo la soketi hii halikuwa shoti, na ndiyo hatari yake. Sakiti breka, swichi ya kinga iliyo kwenye boksi la mein swichi, hujikata pale umeme unaopita unapozidi kiwango chake. Skrubu iliyolegea haiongezi umeme unaopita, hivyo breka haioni kosa lolote. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Zikipita kwenye kiungo kilicholegea chenye ukinzani (kizuizi kwa umeme unaopita) wa nusu omu tu, hapo panazaliwa joto la takriban wati 40, sawa na kile kifaa anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi. Fikiria kifaa hicho kimeachwa ukutani, nyuma ya pazia, kila asubuhi maji ya chai yanapochemshwa.

Skrubu sio chanzo pekee. Kuna ile tabia ya kuingiza peni au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie kwenye soketi ya matundu matatu. Miguu ile ya duara ni myembamba; shaba ya ndani haiishiki sawasawa, cheche zinaruka, na shaba inapanuka hata plagi halali ikija baadaye inacheza. Naomba sana tuiache. Tumia adapta nzuri badala yake. Kuna pia ekstensheni: soketi ya ampea 13 hubeba kama wati 3,000, na birika hilo pamoja na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari zimepita hapo.

Kupima hakuhitaji kifaa. Baada ya kutumia pasi au birika, gusa uso wa soketi na mgongo wa plagi kwa nyuma ya kiganja, mikono ikiwa mikavu. Uvuguvugu si neno. Ukilazimika kuondoa mkono, ukiona doa la kahawia kuzunguka matundu, au ukisikia mlio kama wa mafuta kikaangoni, soketi hiyo imekwisha kazi.

Usikimbilie kuchomoa plagi. Plastiki iliyolainika inaweza kubaki mkononi na vyuma vyenye umeme vikabaki wazi. Zima kwanza mein swichi, subiri ipoe, ndipo uchomoe. Ikiwa moto umeshashika, usimwage maji. Kata umeme kama unaweza kuifikia swichi bila kupita kwenye moshi. Kizimamoto cha unga mkavu au cha kaboni dayoksaidi kinafaa moto ungali mdogo. Vinginevyo toa watu nje, funga mlango wa chumba hicho, piga 114 kuita Zimamoto.

Matengenezo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Nyaya zilizo baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, kwa hiyo usikae ukisubiri TANESCO. Mwambie fundi abadilishe soketi na plagi kwa pamoja: mguu wa plagi uliobabuka hauguswi vizuri na shaba mpya, na soketi mpya itaungua kama ya zamani. Waya ulioungua ukatwe hadi kwenye shaba inayong'aa.

Ile ya Tanga tulikata waya karibu sentimita 4, tukafunga soketi mpya, birika likapata plagi mpya. Kisha tukafungua soketi nyingine za nyumba hiyo. Mbili zaidi zilikuwa zimelegea, moja nyuma ya kitanda cha watoto.