Hobart: kabla meli haijaelekea Antaktika

Ukifika Hobart ukitarajia barafu gatini, utarudi umenuna. Mji mkuu huu wa Tasmania, Australia, uko karibu nyuzi 43 kusini mwa ikweta, na kutoka hapa hadi kituo cha Casey kule Antaktika ni zaidi ya kilomita 3,000 za bahari iliyochafuka. Lakini misafara imepitia hapa tangu zamani. Machi 1912 Roald Amundsen alishuka hapa akitokea Ncha ya Kusini, akaenda kutuma simu ya maandishi kwao Norway. Hotelini walimdhania mzururaji, wakampa chumba duni.

Kazi yangu ni kupanga shehena melini, kwa hiyo mimi kivutio changu kilikuwa Gati la Macquarie. Hapo ndipo inapofunga Nuyina, meli ya Australia ya kuvunja barafu: urefu mita 160, shehena tani 1,200, abiria 117, na matangi yanayobeba lita milioni 1.9 za mafuta ya vituo vya Antaktika. Wafaransa nao huitumia Hobart, meli yao Astrolabe ikihudumia kituo cha Dumont d'Urville.

Kwetu Dar au Mombasa, kontena likikaa vibaya kuna kreni bandari inayofuata. Casey hakuna gati la meli kubwa. Mzigo hushushwa kwa tishari au helikopta, mafuta husukumwa kwa bomba refu linaloelea hadi pwani, na hali ya hewa ikichafuka kila kitu kinasimama. Kipuri kilichosahaulika Hobart kinaweza kusubiriwa hadi msimu ujao.

Kilichonishangaza zaidi ni usafi. Itifaki ya Madrid, makubaliano ya kimataifa ya kulinda mazingira ya Antaktika yaliyosainiwa 1991, inakataza kupeleka huko viumbe wageni bila kibali, na hata udongo ambao haujatakaswa unatakiwa uzuiwe kadiri inavyowezekana. Basi mzigo unakaguliwa kontena kwa kontena: buibui kwenye pembe, matope chini ya trekta, wadudu kwenye mboga. Abiria nao hawaponi. Soli za viatu zinachokonolewa mfereji kwa mfereji, mifuko ya koti inapinduliwa na kufyonzwa vumbi, kisha unafika kwenye velkro, ile mikanda ya nguo inayonatana. Hiyo ndiyo adui mkubwa! Mbegu ya nyasi ikinasa humo haitoki kwa kukung'uta, inatolewa kwa kibano. Wapo wanaoona ni urasimu, mimi sioni hivyo. Kisiwa cha King George, huko huko Antaktika, tayari kina nyasi zilizoletwa na binadamu. Na Kisiwa cha Macquarie, katikati ya njia ya kwenda kusini, kilitangazwa mwaka 2014 kuwa hakina tena sungura, panya wakubwa wala wadogo, baada ya kazi ya miaka mingi. Panya mmoja akishuka kwa kamba ya meli, gharama yote hiyo imekwenda na maji.

Takataka za vituoni nazo hurudishwa, kwa hiyo safari ya kurudi inapangiwa shehena kama ya kwenda.

Tatizo lililoisumbua Hobart ni mafuta. Bohari yake iko Selfs Point, juu zaidi mtoni, ng'ambo ya Daraja la Tasman, na mwaka 2023 Nuyina ilikataliwa kupita chini ya daraja hilo kwa sababu za usalama. Ikalazimika kuzunguka hadi Burnie, kaskazini mwa kisiwa, kujaza matangi. Wengi walicheka: meli ya kuvunja barafu imeshindwa na daraja la nyumbani! Mimi sikucheka. Januari 1975 meli ya mizigo Lake Illawarra iligonga nguzo za daraja hilo hilo, sehemu yake ikaanguka mtoni, watu 12 wakafa, na mji ukakaa umekatika vipande viwili hadi 1977. Ningekuwa mimi ndiye wa kutoa kibali, ningeituma Burnie vilevile, huku nikidai bohari mpya upande wa baharini.