Jina la Babu Halijafutwa: Namna ya Kusoma Rejesta za Kilatini na Majalada ya Kijerumani

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu ya kumbukumbu hapa Bagamoyo imepokea malalamiko mengi kwamba majina ya mababu yamefutwa au kufichwa katika vitabu vya zamani. Tunatambua kuwa wengi wa wanaolalamika wana nia njema, na baadhi yao wamesafiri kutoka mbali. Hata hivyo, katika malalamiko tuliyoyachunguza hadi sasa, jina lilikuwepo kitabuni. Msomaji ndiye aliyelipita bila kulitambua.

Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa hapa mwaka 1868, na ingawa mapadri hao waliandikiana barua kwa Kifaransa, ubatizo waliuandika kwa Kilatini. Katika lugha hiyo mwisho wa jina hubadilika kulingana na nafasi yake katika sentensi, hivyo "filius Petri" ni mwana wa Petrus, na anayemtafuta babu aliyeitwa Petri anamtafuta mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Tarehe nazo zina mtego wake: "7bris" ni Septemba, wala si mwezi wa saba, kwa kuwa "septem" ni saba na mwaka wa Warumi wa kale ulianzia Machi, kwa hesabu hiyohiyo "8bris" ni Oktoba, "9bris" ni Novemba na "Xbris" ni Desemba. Tumewahi kumwona msomaji akipekua kurasa za Julai kwa siku mbili, huku akikataa kusaidiwa.

Maneno "parentibus infidelibus" yamezua ugomvi zaidi kuliko yote, kwa sababu programu za tafsiri za simu huyageuza kuwa "wazazi wasio waaminifu", na familia huondoka ikiamini kuwa bibi yao ametukanwa. Maana yake ni wazazi wasio Wakristo, basi. Na ukoo ambao haukubatizwa hautaonekana katika rejesta ya ubatizo, jambo ambalo tungedhani halihitaji kuelezwa.

Majalada mengi ya utawala wa Kijerumani yanatunzwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Karani wa Kijerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao: Juma akawa "Dschuma", Salim akawa "Ssalim", Zanzibar ikawa "Sansibar". Katika mwandiko wao wa mkono herufi e hufanana na n, kwa hiyo orodhesha kwanza kila namna ambavyo jina lingeweza kuandikwa, ndipo uombe jalada.

Hati iitwayo "Freibrief" ni barua ya kuachwa huru aliyopewa mtu aliyekuwa mtumwa. Agizo la Desemba 1904 lilitamka kuwa watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru, ila halikuwakomboa wazazi wao, na ndiyo maana mtoto anaweza kukosa barua ambayo mama yake anayo. Tunaomba wazee waandaliwe kabla ya kusomewa hati kama hizi. Barua hiyo haihusiani kabisa na shamba. Hata hati ya Kijerumani ya kiwanja haimpi mjukuu ardhi leo, kwa kuwa umiliki wa kudumu wa ardhi ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa ramani.

Msomaji atafika na kitambulisho pamoja na barua ya serikali ya mtaa, atajaza fomu ya maombi kwa nakala mbili, ataacha mkoba na kalamu ya wino mapokezini, na atapewa kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Kupiga picha kunahitaji kibali cha maandishi, na kibali cha jana hakitumiki leo. Atakayeandika juu ya ukurasa atanyang'anywa ruhusa ya kusoma, na atakayeuchana atakabidhiwa polisi, hata kama ukurasa huo una jina la babu yake mzaa baba. Nakala iliyothibitishwa hugongwa muhuri upande wa nyuma, ili wino usifunike maandishi. Tafadhali msiirudishe mkidai kuwa haina muhuri.