2,147,483,647: namba tasa inayokuepusha na kugawa

Namba hii ni 2^31 − 1. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, na wengi hudhani kipeo kikiwa tasa basi namba yenyewe nayo ni tasa. Sivyo: 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Kila moja inahitaji uthibitisho wake.

Ukifuata njia ya kawaida, utajaribu kuigawa kwa namba tasa zote hadi 46,340, kwa sababu kipeuo chake cha pili kinaishia hapo. Zipo 4,792. Mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye matokeo yake yalichapishwa 1772, aliukata mzigo huo vizuri mno. Chukulia q ni kigawo tasa cha namba yetu. Basi 2^31 ikigawanywa kwa q hubaki 1, na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna kipeo kidogo zaidi cha 2 kinachobakiza 1. Kanuni ndogo ya Fermat (2^(q − 1) ikigawanywa kwa q hubaki 1) inatudai 31 igawe q − 1, na kwa kuwa q ni witiri, 62 pia inaigawa. Tena 2^32 hubakiza 2, maana yake 2 ni mraba katika hesabu za mabaki ya q. Hilo huwezekana tu ikiwa q ikigawanywa kwa 8 inabaki 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo, q lazima iwe 248n + 1 au 248n + 63. Ukiitoa 63 yenyewe, zinabaki namba 372, na nyingi si tasa. Tasa ya kwanza ni 311, inabakiza 35. Zilizobaki nazo hazigawi.

Faida yake kwenye programu ni kwamba 2^31 ikigawanywa kwa namba hii hubakiza 1. Kwa hiyo kutafuta baki hakuhitaji kugawa: jumlisha biti (tarakimu za 0 na 1) 31 za chini na sehemu ya juu, na jumla ikifika 2,147,483,647 au kuzidi, toa 2,147,483,647 mara moja tu. Toleo moja la jenereta ya Lehmer ya namba nasibu huzidisha namba iliyotangulia kwa 16,807, kisha huchukua baki hilo. Kutoka 282,475,249 tunapata 4,747,561,509,943. Sehemu ya juu ni 2,210, ya chini 1,622,647,863, jumla 1,622,650,073. Ukianza na 1, namba ya 10,000 iwe 1,043,618,065. Ukipata nyingine, kagua upana kwanza: zao laweza kufika biti 46, hivyo biti 32 zitalikata kimyakimya. JavaScript ina mtego zaidi, kwani & na >> hupunguza kila kitu hadi biti 32; huko tumia %.

(Namba hii pia ndiyo kikomo cha saa za kompyuta za biti 32 zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970; zitakifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi Afrika Mashariki. Utasa wake hauhusiki.)

Jenereta usiianzishe kwa 0 wala 2,147,483,647: zote hutoa 0 milele. Na usiitumie kutengenezea nywila. Mtu akiona tokeo moja tu, anayajua yote yanayofuata.