Twende Tukawaone Wapandaji wa Msitu wa Kakamega

Mgeni akishuka kwenye bodaboda pale Isecheno, kituo cha kusini mwa Msitu wa Kakamega hapa magharibi mwa Kenya, mara nyingi swali lake la kwanza ni kama ataona simba. Namwambia hapana, na tembo pia hapana. Nimempangia kuwaona waliopanda msitu huu, kwa maana miti mingi tutakayopita chini yake leo haikupandwa na mkono wa mtu. Ilipandwa na mdomo wa ndege, shavu la kima na tumbo la popo.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Shinyalu, na kazi yangu ni kuongoza wageni na kufuatilia ndege wa msituni. Watu huniuliza kwa nini matembezi yangu ni ya polepole na kwa nini nasimama sana. Nitaeleza.

Kakamega ni ukingo wa mashariki kabisa wa ule msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulitanda kutoka Kongo, ukapita Uganda, ukafika huku kwetu. Ndiyo maana tuna ndege, nyoka na miti ambayo huwezi kuikuta kwingineko Kenya. Mvua yake ni kama milimita 2000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri baada ya mawingu kujikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria. Uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1933, nyakati zile watu walipokuwa wamemiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa, ambayo baadaye ilisimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kusini tukabaki na idara ya misitu. Ukiangalia ramani utaona karibu kilomita za mraba 240 zimepakwa kijani, lakini msitu wa asili uliosimama haufiki nusu ya hizo. Kijani kingine ni nyasi, majani chai, na miti iliyopandwa kwa mistari.

Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tochi mkononi, kuelekea kilima cha Lirhanda. Wengi hupanda kwa ajili ya jua likichomoza, na kweli linapendeza. Mimi nawaleta kusikiliza. Mwanga ukianza kupasua, hondohondo huondoka walikolala, na mabawa yao huvuma kwa namna ambayo mgeni hutazama juu akidhani ni upepo umeingia. Nawaambia waangalie wanakoelekea. Wakienda wengi upande mmoja, huko kuna mti umeiva, na huko ndiko tutakakokwenda. Sina ratiba nyingine.

Mara nyingi mti wenyewe ni mkuyu, na hapa ndipo nakaa na wageni saa nzima, hata zaidi. Mkuyu wa aina hii haukuanzia ardhini. Ndege aliacha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, ikachipua huko juu, ikashusha mizizi hadi chini, na mizizi ikanenepa ikamkumbatia mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza. Ukiingiza kichwa ndani ya shina utakuta uwazi, pale mwenyeji alipokuwa amesimama. Na tunda la mkuyu kwa hakika ni maua yaliyofichwa ndani ya kifuko. Nyigu mdogo kuliko punje ya wimbi huingia kwa kitundu kimoja kilichobana hata mabawa yake yakang'oka, akabeba chavua, akataga mayai, akafia humo. Kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina nyigu wake. Na kwa kuwa mikuyu haiivi yote kwa wakati mmoja, karibu kila mwezi kuna mmoja mahali fulani msituni wenye chakula. Miti mingine ikiwa mitupu, wote hukimbilia hapo.

Kaa kimya dakika kumi chini yake. Kulukulu mkubwa wa buluu atakuja akirukaruka kwenye matawi kama kuku asiyependa kupaa. Kima watajaza mashavu, kisha wataondoka nayo yamevimba, wakale mbele ya safari na kutema mbegu huko. Hondohondo humeza tunda zima. Mbegu kubwa, kama za mti wa mutere, huzitapika baadaye akiwa amekaa mbali na mti mama. Wakati wa kuatamia, jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, akaacha ufa tu, na dume humletea matunda miezi kadhaa. Chini ya tundu kama hilo utakuta mbegu zimerundikana, nyingine zimeshachipua. Mbega je, yule mweusi mwenye joho jeupe ambaye kila mtu anataka picha yake? Ni mzuri, nampenda, ila yeye ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na mbegu nyingi akizila husagika humo. Wageni hushangaa nikiwaambia kwamba kima mwizi wa ndizi anaufanyia msitu kazi kuliko yeye.

Kwa sababu hiyo nina mambo mawili ambayo silegezi. Sikubali mtu alishe kima pale kambini, kwa kuwa kima aliyezoea mkate hushinda kambini, na mbegu alizopaswa kubeba hubaki chini ya mti mama. Pia sichezi sauti za ndege kwa simu ili mgeni apate picha. Dume akisikia sauti hiyo hudhani amevamiwa, huacha kulisha makinda akaja kupigana na simu. Kampuni moja ya utalii iliwahi kuniletea watu zaidi ya 30 saa sita mchana na spika ya muziki. Niliwarudishia pesa zao. Siku hiyo sikupata chochote, na ningefanya vilevile tena.

Tukikutana na siafu tunafurahi, mradi umevaa gambuti. Safu yao ikitambaa, panzi, buibui na mende hutoka mafichoni wakikimbia, na kuna ndege wa msituni wanaoishi kwa kuifuata safu hiyo na kuokota wanaotoroka. Ukisikia milio midogo midogo chini karibu na ardhi, siafu hawako mbali.

Siku ya pili huwapeleka kaskazini, kwenye kipande cha msitu kiitwacho Kisere. Zamani kilikuwa sehemu ya msitu mmoja na huu mkubwa. Sasa ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo nne, na kati yake na msitu mkubwa ni mashamba ya miwa na mahindi. Humo anaishi kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa. Yeye hapendi kuvuka mahali pa wazi. Ndege mkubwa anaweza kuruka kutoka msitu mmoja hadi mwingine na mbegu tumboni, kima huyu hawezi. Nikisimama na wanafunzi kwenye ukingo huo, siongei sana. Wao wenyewe huanza kuuliza ni nani mwenye shamba lile, na kama angekubali mstari wa miti wa kuunganisha misitu hii miwili.

Swali hilo linanikumbusha mapera. Pembeni mwa msitu wetu mapera yamejiotea kila mahali, na kwa muda mrefu nami niliyahesabu kama kwekwe. Siku moja nilimkuta kukhu mmoja, yaani bibi, jirani yetu, akisafisha kona ya shamba lake kwa panga.

"Mulembe, kukhu. Unakata yote?"

"Mulembe muno, mwana wanje. Nikiyaacha nitalima nini?"

Nikamwomba nitazame chini ya mapera kabla hajayafikia. Ndege huja kula mapera na huacha pale walichokula msituni. Tulipofunua majani makavu tulikuta miche ambayo yeye aliitambua kabla yangu: mmojawapo ni mwiritsa, ule mti ambao magome yake yamebanduliwa kwa dawa mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti. Aliniuliza mwiritsa huo nimeutoa wapi, akidhani nimeupanda mimi. Nikamwonyesha matawini, kulikokuwa na kinyesi cha ndege.

Aliacha ukanda wa hatua kama 15 upande wa msitu na kulima uliobaki. Sasa napitisha wageni hapo kwa ruhusa yake, na anawauzia mukombero, mizizi ya kutafuna, aliopanda mwenyewe badala ya kuung'oa msituni. Mara ya mwisho nilihesabu miche mitatu ya mutere. Mmoja ulikuwa umenifika kiunoni.