Saa ya Sitaha: Soma Alama Kwanza, Hadithi Baadaye

Kitengo chetu cha utambuzi kinaletewa saa za sitaha, yaani saa kubwa za mfukoni za kijeshi za kupimia wakati melini, mara kwa mara siku hizi. Wenye nazo wana nia njema, lakini wengi huja na jibu tayari: "Hii ilitoka kwenye Königsberg." Tuliweke hili wazi. Meli hiyo ya kivita ya Ujerumani ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Saa ya A. Lange & Söhne ya Glashütte iliyogongwa tai mwenye swastika na herufi M ni ya Kriegsmarine, jeshi la majini la Ujerumani ya Nazi, jina lililoanza kutumika 1935. Pengo la miaka 20 halizibwi na masimulizi ya nyumbani.

Aliyetengeneza saa na aliyeitumia ni watu wawili tofauti. Alama ya mshale mpana iliyogongwa kwenye saa inasema tu kwamba saa ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza. Ikiambatana na alama H.S.3, ni saa ya sitaha ya Wanamaji wa nchi hiyo, hata kama mashine yake ni ya Uswisi, kwa mfano ya mtengenezaji Ulysse Nardin wa Le Locle. Saa ya Hamilton Model 22, yenye vito 21 vya kupunguza msuguano ndani ya mashine, ilitoka Lancaster, Pennsylvania. Nyingi zimechongwa mgongoni jina la Bureau of Ships, idara ya meli ya Wanamaji wa Marekani.

Kabla ya kutuletea, piga picha uso, mfuniko nje na ndani, na sanduku. Mashine ifunguliwe na fundi saa. Andika kila namba peke yake na mahali ilipo: ya mashine, ya kasha, ya sanduku. Zikipishana, usizilazimishe zilingane. Kasha huenda lilibadilishwa. Daftari za kronomita (saa sahihi za melini) za kituo cha uangalizi wa nyota cha Greenwich, Uingereza, zilizohifadhiwa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, hufuatiliwa kwa namba hizo. Tafadhali, tena tafadhali, usiisugue kwa dawa ya shaba: alama hafifu ikifutika hairudi. Rangi ing'aayo gizani usiikwangue, huenda ina radiamu.

Kama saa imetoka kwenye meli iliyozama na imeingizwa Uingereza, sheria ya usafiri wa meli ya nchi hiyo ya 1995 inataka Mpokeaji wa Mabaki ya Meli, afisa wa serikali, ajulishwe ndani ya siku 28. Anayenyamaza anaweza kutozwa faini hadi pauni 2,500, akapoteza haki ya malipo ya uokoaji, na akatakiwa kumlipa mwenye mali thamani yake mara mbili. "Niliinunua mnadani" haitoshi; njoo na risiti.