Fomu ya leseni inauliza kukamatwa au kutiwa hatiani?

Mwezi uliopita muuguzi mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Moshi, fomu ya leseni ya uuguzi ya nje ya nchi mkononi, machozi yakimlenga. Zamani aliwahi kulala mahabusu usiku mmoja kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Alishtakiwa, kisha shauri likaondolewa. "Wakili, niandike hapana?"

Nikamwomba anisomee swali kwa sauti.

Fomu ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani, yeye anajibu hapana, na ni kweli tupu. Ikiuliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, jibu ni ndiyo, hata kama kesi haikufika popote. Yake iliuliza hivyo. Ni kweli Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Lakini bodi ya leseni inatafuta jambo jingine: kama unasema ukweli. Nimeona watu wenye kosa dogo la ujanani wakipewa leseni, na wasio na kosa lolote wakikwama kwa sababu walificha usiku mmoja wa mahabusu. Inaniuma kila mara, maana ilikuwa rahisi kuepukika.

Kwa hiyo nenda mahakamani, omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu au amri. Usitegemee kumbukumbu. Watu wengi husema "niliachiwa" kumbe waliachiwa kwa masharti, au mwendesha mashtaka aliondoa shauri kabla ya utetezi, na hapo mashtaka yanaweza kurudishwa. Kuachiwa huru baada ya kusikilizwa ni kitu kingine kabisa.

Kupata cheti cha tabia njema cha polisi hakuhitaji mengi: kitambulisho cha NIDA, malipo, alama za vidole. Ila majina yafanane. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo shuleni na la ukoo kwenye NIDA; tengeneza hati ya kiapo mapema. Na vidole vyenyewe: kila kimoja huzungushwa toka ukingo wa ukucha hadi ukingo wa pili. Mikono iliyokauka kwa dawa za kunawia wodini hutoa mistari iliyokatika. Paka mafuta wiki nzima kabla, siku yenyewe usipake.

Kama uliwahi kufanya kazi Nairobi, cheti cha Tanzania hakitatosha. Uingereza, kwa mfano, kwa viza ya wahudumu wa afya hutaka cheti cha kila nchi uliyoishi jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa umeshatimiza miaka 18.

Dada yule amerudi juzi na nakala yake: ukurasa mmoja, muhuri wa mahakama, tarehe shauri lilipoondolewa. Tumeiambatanisha na maelezo ya aya mbili, kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye kisanduku ameweka alama ya ndiyo.